Kasia Nililoliweka Chini

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa napinda suruali ya sare ya shule, akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu.

"Unaweza kuja huku ukawa mjinga kwa siku moja?"

Nikamwambia ujinga ninao wa kutosha hapahapa Kasulu, sina haja ya kupanda basi kuutafuta. Akacheka, halafu sauti yake ikashuka, na hapo nikajua kuna jambo. Nikaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani ili nimsikie vizuri.

Kaka alikuwa Pangani mwaka wa tatu sasa. Aliondoka nyumbani kumfuata mtoto wa baba yetu mdogo, kwa sababu ukoo wetu una watu kule tangu zamani, wale waliokwenda manamba kukata mkonge na hawakurudi. Yeye mkonge hakuutaka. Akapata kazi ufukweni kwa mama mmoja mwenye kayaki, ambazo ni mitumbwi midogo ya plastiki ya kukaa mtu mmoja, na kasia lake lina vichwa viwili, kushoto na kulia. Watu huja kutoka mijini na nchi za mbali, wanapewa kila mtu kayaki yake na fimbo ya kuvulia, na mwongozaji anatangulia kuwaonyesha samaki walipo. Kaka kazi yake ilikuwa kuziosha zile kayaki zikirudi, kutoa mchanga na magamba. Kuongoza ndiyo kazi aliyokuwa anaitamani.

Sasa mwongozaji mmoja alikuwa amehama, nafasi iko wazi, na wanaoitaka ni wawili: kaka yangu, na kijana wa palepale aliyezaliwa mita chache kutoka majini. Yule mama akasema atawapima sawasawa. Kila mmoja alete mtu asiyejua bahari kabisa, ampeleke kuvua, amrudishe. Masharti matatu tu: mgeni arudi mkavu, arudi na samaki, na chombo kirudi na kila kitu kilichoondoka nacho bila kukiacha mkononi mwa bahari hata mara moja. Kijana wa palepale alikuwa ameleta binamu yake kutoka Korogwe na alikuwa ameshafaulu masharti mawili, la samaki lilimshinda.

"Nimefikiria watu wote ninaowajua," kaka akasema. "Hakuna asiyejua bahari kukuzidi wewe."

Sijui kama ilikuwa sifa, lakini niliipokea.

Mama anayenifundisha kushona, ambaye alikuja kutoka Kongo na bado Kiswahili chake kina njia zake, aliniruhusu wiki nzima. Akaniambia, "Utafika kule ku bahari, utaangaliaka kila kitu, utarudi kutuelezea." Yeye anajua tabia yangu. Hata mteja akileta koti la kubadilisha bitana mimi nataka kujua kwanza lilikwenda wapi na wapi.

Kabla ya safari nilipitia Mabamba kumuaga bibi, maana ndiye aliyetulea mimi na kaka. Nilimkuta anapepeta maharage. Akaniagiza vitu viwili. Cha kwanza, nimletee chupa moja ya maji ya bahari, aone mwenyewe hiyo chumvi inayosemwa, kwa sababu yeye chumvi anayoijua ni ya Uvinza tangu akiwa msichana, na haamini kama kuna maji ya kupita hayo. Cha pili alikisema akiwa ameinamia ungo.

"Akishindwa huko, usimwache. Rudi naye."

Nilisafiri na maneno hayo mawili, chupa tupu kwenye mkoba na lile la pili kifuani. Na nikiri kabisa, sikujua nilikuwa upande gani. Nilitaka kaka apate kazi aliyoiota. Nilitaka pia arudi, kwa sababu tangu aondoke hakuna mtu wa kunijibu maswali yangu bila kuchoka.

Safari sitaisimulia, ni ndefu na yote ni dirisha. Nakumbuka tu Muheza, jinsi mkonge ulivyopangwa mistari iliyonyooka kama mshono wa fundi mzoefu, nikafikiria wale wa ukoo wetu walivyokuwa wanahesabiwa humo kila asubuhi. Halafu barabara ikateremka, hewa ikabadilika, ikawa na unyevu kama ya jikoni wakati sufuria imefunuliwa.

Kaka alinipokea jioni. Alikuwa mweusi zaidi na mpana wa mabega. Nikamwamkia kwa Kiha chetu, akajibu kwa Kiswahili, tena kile cha pwani chenye kuteleza. Baadaye nilielewa. Vijana wa pale walikuwa wanamwita Maharage, kwa sababu ya maharage ya Kasulu. Alikuwa anacheka nao, lakini mimi ninamjua kicheko chake cha kweli kilivyo, na kile hakikuwa chenyewe. Miaka mitatu amekuwa akijikwangua yote ya nyumbani kama anavyozikwangua zile kayaki.

Bahari niliiona asubuhi yake. Nilikuwa nimejiandaa kuona maji mengi. Sikuwa nimejiandaa kwamba yangekuwa hayapo. Jana jioni nilisikia yanapiga karibu na mnazi tuliokaa chini yake kula, na sasa kulikuwa na uwanja wa mchanga na majani yaliyolala, kaa wanatembea, mitumbwi imekaa upande kama ng'ombe waliojipumzisha. Nikamuuliza kaka maji yameenda wapi. Akasema yamepwa. Nikamuuliza kupwa ni kwenda wapi. Akasema huko mbele. Nikamuuliza kama huko mbele kuna watu wanaoyapata yakiwa yamejaa wakati sisi hatuna.

"Swali hilo," akasema, "wageni wa kulipa hawajawahi kuuliza."

"Basi jifunze jibu. Watauliza."

Mama mwenye kayaki alikuja wakati maji yanarudi. Alikuwa mtu mzima wa makamo, suruali ndani na kanga kiunoni juu yake, darubini shingoni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananiangalia kuanzia vidole vya miguu, kama mimi ninavyomwangalia mteja kabla ya kuchukua futi.

"Unajua kuogelea, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Kwetu tuna mto Malagarasi, lakini tunapita darajani."

Hakucheka, ila mdomo ulisogea upande mmoja. Akamwambia kaka nianze kwa kuvaa jaketi la kuelea, na akamkumbusha yale masharti matatu kwa kuhesabu vidole. Akaongeza kwamba yeye atakaa kivulini na hatasema neno mpaka turudi.

Kaka alinieleza mambo mengi pale mchangani, na alieleza vizuri, nilijisikia fahari. Kukaa katikati. Kutojikunja. Ukiogopa, usishike pembeni mwa kayaki, weka kasia juu ya mapaja upumue. Akaniwekea kamba nyembamba iliyojipinda kama waya wa simu za zamani, upande mmoja imebanwa kwenye kasia, upande mwingine kwenye kayaki, ili kasia likiponyoka lisiende popote. Akasema ile kamba isifunguliwe. Alisema kati ya mambo kumi na tano aliyosema, nami nikayatikisia kichwa yote kwa uzito uleule.

Tukaingia majini. Sina namna ya kueleza vizuri mara ya kwanza ule mchanga unapokuachia. Kayaki ilinyanyuka kidogo, ikawa hai. Nilipiga kasia kulia nikaenda kushoto, nikapiga kushoto nikaenda kulia, mpaka kaka akasema nimpe kila upande haki yake kwa zamu, na hapo tukaanza kusonga. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Hilo lilinishangaza kuliko ukubwa. Maji ya kwetu asubuhi yanakuuma mifupa, ya kunawa tu unajiombea kwanza, na haya mtu angeweza kuogeshea mtoto mchanga. Nikalamba kidole. Kweli, chumvi, na nyuma ya chumvi uchungu kama wa majani ya dawa. Nikajiambia bibi lazima aupate na huo uchungu.

Chini nilikuwa naona kila kitu. Majani marefu yamelala upande mmoja, yamechanwa na maji. Nyota nyekundu yenye vinundu. Vitu vyeusi virefu kama matango yaliyosahaulika shambani, kaka akasema hao ni majongoo wa bahari na kuna nchi wanawala. Niliuliza wanawapika na nini. Hakujua. Nikaona anachomoa penseli mfukoni kwa mzaha kama anaandika swali.

Tulipita penye mlango wa mwamba, sehemu ambayo mwamba umeachia njia ya maji kuingia na kutoka, tukatokea upande wa nje kidogo, ambako rangi ilibadilika ikawa ya samawati nzito. Kaka akatia nanga ndogo, akaifunga kayaki yangu kwenye yake. Akakata ngisi vipande, akanifundisha kumpitisha kwenye ndoano mara mbili ili asichomoke. Hiyo kazi niliiweza mara moja. Ilikuwa kama kupitisha tanzi la kifungo. Fimbo ya kuvulia ina kigurudumu cha kukunjia uzi, na nacho nilikielewa, ni bobini tu iliyopewa mkono. Kaka alifurahi mpaka akanisifu kwa Kiha bila kujijua, halafu akatazama ufukweni kana kwamba wale vijana wangemsikia.

Tatizo lilikuwa ile kamba ya kasia. Kila nikivuta fimbo, uzi wa kuvulia ulikwenda kujisokota kwenye ile mizunguko yake. Niliufungua mara ya kwanza, mara ya pili. Mtu wa cherehani hawezi kuona nyuzi mbili zinapigana akanyamaza. Kaka alikuwa amegeuka, anatafuta kisu. Nikaibandua ile kamba kwenye kasia, nikaikunja vizuri, nikaiweka kando ya mguu. Nilifanya usafi, kwa akili yangu.

Samaki alipokuja, hakuja kama nilivyotarajia. Nilidhani atagonga. Lakini uzi kwanza ulilegea. Kwenye cherehani uzi ukilegea ghafla ujue kuna kitu kimekatika au kimevuta huko chini, mkono wangu ukajua kabla ya kichwa, nikainua fimbo. Ndipo ikapinda. Kigurudumu kikalia, na kayaki yangu ikageuka yenyewe kuelekea asikojua mtu. Kaka hakupiga kelele. Alisogea akashika ubavu wa kayaki yangu kwa mkono mmoja, akasema taratibu, mwache aende, sasa kunja, mwache tena, usishindane naye, mchoshe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua. Nilitaka yule mama aisikie sauti ile kuliko kuona samaki.

Alikuwa kolekole, mnene, wa fedha, na jicho kubwa lililonitazama kwa namna ambayo nilimwomba radhi. Nilimwomba kweli, kwa sauti. Kaka alisubiri nimalize ndipo akamtia kwenye boksi lenye barafu. Nilikuwa nalia kidogo na nacheka. Yeye alikuwa anaangalia boksi kama mtu anayeangalia barua ya kuajiriwa.

"Umenipa kazi, mdogo wangu," akasema. "Sasa turudi tu."

Turudi tu. Hata kayaki zilirudi kwa wepesi, na mimi nilikuwa napiga kasia kama niliyezaliwa nalo, nikawaza kwamba kumbe mambo ya bahari ni mepesi hivi. Kwenye mlango wa mwamba, upande wa kushoto, sehemu ya juu ya mwamba ilikuwa bado nje ya maji kidogo, na palikuwa na kina mama wanne wanatembea juu yake na vijiti, wamekunja nguo, wanachokoa mashimo kutafuta pweza. Maji yalikuwa yanaanza kuwafikia vifundoni. Mmoja wao, mzee kuliko wenzake, akatuona. Akanyoosha kijiti juu akaita kwa sauti ndefu, akatuuliza habari za huko tulikotoka.

Hapa inabidi nieleze kitu kwa wasiotokea kwetu. Kwetu humwamkii mtu mzima ukiwa na kitu mkononi. Kama umeshika jembe, jembe linawekwa chini. Ukiwa na ndoo kichwani, unaishusha au unamwomba akusamehe. Mikono inatakiwa iwe mitupu, unapinda magoti kidogo na kupiga makofi taratibu, na salamu inakwenda na kurudi, mwakeye kwa mwakeye, mpaka watu wa nyumbani wote wameulizwa. Sikufundishwa hilo kwa maneno. Nilifundishwa nikiwa mgongoni kwa bibi, kwa kuusikia mgongo wake ukiinama.

Basi mtu mzima ameniita, na ni wanne. Niliwageukia. Nikaliweka kasia chini. Na ninaposema chini, nililiweka kwa adabu, taratibu, kwa mikono miwili, juu ya maji, pembeni yangu, kama mtu anavyolaza jembe kwenye nyasi. Nikainama palepale nilipokaa, nikapiga makofi, nikawaamkia wote wanne.

Waliitikia vizuri sana. Yule mzee alisimama na mikono miwili kifuani. Tukaulizana habari. Nilikuwa nimefika kwenye habari za watoto nilipoona uso wake unaangalia nyuma yangu.

Kasia lilikuwa limeshafika mbali. Pale mlangoni maji yana nguvu, yalikuwa yanaingia ndani yakizunguka mwamba, na kasia lilikuwa linakwenda nayo likizungusha vichwa vyake viwili bila haraka, kama linatafuta mtu. Mimi nami nilikuwa nimeanza kuzunguka. Nilikumbuka, usishike pembeni. Lakini lile la kuweka kasia juu ya mapaja sikuwa na namna ya kulifanya.

Kaka alikuwa mbele. Aligeuka akaniona mimi, akaliona kasia, na kwa nafasi ya pumzi moja nilimwona anatazama huku na huku. Kasia lilikuwa kazi yake. Nilikuwa nalijua hilo vizuri kuliko yeye. Akaja kwangu. Akanirushia kamba, akanifunga nyuma ya kayaki yake, akanivuta nje ya ule mzunguko mpaka mahali ambapo maji yametulia na mchanga unaonekana.

Lile kasia lilikwenda kukwama kwenye ukingo wa mwamba. Yule mama mzee alilifuata akitembea na maji mpaka kiunoni, akalichukua, akatuletea. Aliponipa hakunipa kama kitu kilichoanguka. Alinipa kwa mikono miwili. Akasema mwanangu, salamu yako nimeipokea, shika chombo chako. Wenzake nyuma walikuwa wanacheka mpaka vikapu vinatikisika.

Tulipoachana nao kaka alisimama. Kutoka pale ufukwe hauonekani, rasi imefunika. Akaangalia upande wa yule mama mwenye kayaki na darubini yake, ambayo isingeweza kutuona.

"Kimerudi kila kitu," akasema. "Wewe mkavu. Samaki yupo. Kasia hili hapa."

Akashusha sauti.

"Tusiseme tu."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo wote, kwa sababu kosa lilikuwa langu na niliona jinsi alivyokuwa ameshika kasia lake, vidole vimekuwa vyeupe. Akanibania tena ile kamba kwenye kasia langu, akaangalia mara mbili.

Yule mama mwenye kayaki alitupokea kwenye maji ya kifundo. Aliangalia nguo zangu, kavu, ila makalio, na hayo alisema hayahesabiwi. Akafungua boksi, akamnyanyua kolekole kwa matamvua, akaguna kwa kuridhika. Akapitisha mkono kwenye kayaki akihesabu vitu: nanga, kamba, fimbo, kisu, kasia. Vijana walikuwa wamesogea. Kaka alikuwa amesimama wima kama siku ya gwaride.

Ndipo akanigeukia mimi, kwa mazungumzo tu, nadhani, akaniuliza tulikutana na nani huko.

Nikasema tulikutana na kina mama wa pweza.

"Mkawaamkia?"

"Ndiyo, Mama, vizuri kabisa."

Na mikono yangu, ambayo sijui ina akili ya nani, ikaenda ikaonyesha. Niliinama, nikapiga makofi. Na lile jaketi la kuelea, nililokuwa nimelivua na kulishika, nilikuwa nimeshaliweka chini mchangani kwanza.

Yule mama aliliangalia jaketi. Akaangalia mikono yangu.

"Na kasia," akaniuliza, "wakati huo lilikuwa wapi?"

Mimi uongo siujui, hata wa suruali kuwa tayari kesho unanishinda, mteja huwa ananiona usoni. Nilimtazama kaka. Yeye alinitazama kidogo tu, na nikaona kitu kinashuka mabegani mwake.

"Lilikuwa majini, Mama," akasema. "Lilitoka mkononi mwake. Kamba alikuwa ameifungua, na mimi sikuona. Kosa ni langu."

Kijana mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, Maharage yameungua. Yule mama alimwangalia mara moja tu, kijana akanyamaza.

Nilianza kusema kwamba ni mimi, kwamba ni adabu ya kwetu, kwamba kaka aliniambia nisiifungue kamba. Yule mama akaninyamazisha kwa kiganja, bila ukali. Alikuwa anazungumza na kaka.

"Wewe si wa huko huko kwao?"

"Ndiyo, Mama."

"Hukujua kwamba huyu akiona mtu mzima anaweka chini alichoshika?"

Nilidhani kaka atatafuta maneno ya pwani. Lakini alipojibu, jibu lilitoka na lafudhi yetu yote, ile aliyoificha miaka mitatu.

"Nilikuwa nalijua hilo, Mama. Nililisahau."

Yule mama akamwambia leo hajapata kazi. Kasia kutoka mkononi ni kutoka. Lakini akasema hajamaliza naye, kesho maji yakijaa amchukue mgeni mwingine, na mgeni huyo atamleta yeye. Akaondoka na kolekole wetu kwenda kumpika.

Usiku ule tulikula na hatukuzungumza sana. Baadaye kaka aliniomba nimwamkie. Nikadhani anatania. Akasema hapana, niamkie kama tunavyomwamkia bibi, yote, mpaka mwisho. Nikainuka nikaweka sahani chini. Akaweka yake. Tukaamkiana pale mchangani kama watu wawili waliokutana njia ya Mabamba, habari za nyumbani, za shamba, za wazee, akajikwaa mahali, nikamkumbusha, akarudia. Mimi ndipo nikamwambia maneno ya bibi, ya kurudi naye. Aliyasikiliza akiwa bado ameinama. Akaniuliza mimi nataka nini. Nikamwambia sijui, na hiyo ilikuwa kweli. Ila nikaapa kwamba kasia sikuliachia kwa sababu hiyo. Akacheka kile kicheko chake chenyewe.

Kesho yake mgeni aliyeletwa alikuwa yule mama mwenyewe. Alikuja amevaa jaketi la kuelea, akakaa mchangani mbele ya kayaki, akasema yeye ni mgeni hajawahi kuona bahari, aelezwe. Vijana wakachekea viganjani. Kaka hakucheka. Kabla ya kumweleza chochote alimuuliza anatoka wapi, na huko kwao watu wanaamkiana vipi, na mkono gani anautumia zaidi, na kama kuna kitu anakiogopa. Yule mama akajibu moja baada ya jingine. Alichosema kuhusu alichokiogopa sikusikia, alikisema chini, lakini niliona kaka anahamisha kisu kutoka kayaki ya mgeni kwenda kwenye yake. Halafu akafunga kamba ya kasia, akamwambia isifunguliwe, akarudia hilo peke yake, mambo mengine akayaacha ya kusema majini.

Niliachiwa darubini. Niliwaona wanakwenda, wadogo, wawili, rangi ya machungwa na rangi ya njano. Kabla hawajafunikwa na rasi wakasimama. Nikaona yule mama anamgeukia kaka. Akanyoosha mikono, akaliweka kasia pembeni, juu ya maji, kwa adabu kama nilivyofanya mimi. Na kwenye vioo vya darubini, bila sauti, nikamwona anapiga makofi.

Kasia lilikwenda mpaka mwisho wa kamba yake likasimama. Kaka hakulifuata. Nilimwona anaweka la kwake juu ya mapaja, anainama, na kumwitikia, muda mrefu, yote, mpaka habari za nyumbani zilipoisha. Ndipo akavuta ile kamba polepole akamrudishia kasia lake, kwa mikono miwili.

Hawakupata samaki siku ile. Nilidhani hilo litamwangusha. Waliporudi yule mama alishuka akachukua kitambaa cha kuoshea kayaki kilichokuwa begani kwa kaka, kile alichokuwa nacho miaka yote, akampa kijana wa palepale. Mimi akaniambia nijaze chupa yangu mbali na mitumbwi, maji yawe safi.

Nilirudi peke yangu. Basi lilinishusha Kibondo mchana, nikachukua pikipiki mpaka Mabamba, nikamkuta bibi kwenye ungo wake kana kwamba sikuwahi kuondoka. Nilimpa chupa kwanza, kwa woga wa kusema lile jingine. Akamimina kidogo kiganjani, akaonja, akatema upande.

"Hii imeharibika," akasema. "Uvinza hawawezi kuuza kitu hiki."

Halafu akaangalia nyuma yangu, njiani, ambako hakukuwa na mtu. Sikumwambia kwa maneno yangu. Nilipiga simu, nikaweka sauti ya nje, nikampa aishike.

Kaka akaamkia kwa Kiha. Mwakeye bibi, akaanza, na akaendelea, hakujikwaa popote. Akamwambia amepata kazi, wageni wake wa kwanza ni wiki ijayo, na kwamba likizo ikifika atakuja. Bibi alisikiliza huku kichwa kimeinama. Mjukuu ndiye anayetangulia kuamkia, bibi huitikia ameketi. Lakini siku ile alisimama. Akashusha ungo. Akainama, akaiweka simu chini kwenye maganda ya maharage, taratibu, kwa mikono miwili, akapiga makofi.

Na simu ikabaki pale chini, kaka anauliza halo, halo, bibi upo?